Kipandio cha Mwisho

Nilibadilisha noti nne katika kazi ya mtu mwingine. Nalisema mapema ili asiyependa habari za makosa aishie hapa.

Mimi ni mnakili wa muziki. Nina stashahada ya chuo cha muziki cha Lille, na nilipoipata nilidhani nitakuwa mpiga piano wa jukwaani. Nilipofika Paris nikakuta mji umejaa watu wenye stashahada kama yangu na vidole virefu kuliko vyangu. Sikulia. Nilinunua kalamu za nibu na chupa ya wino mweusi, nikatafuta kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Mtunzi anaandika muziki wa okestra nzima kwenye karatasi moja kubwa, kila chombo na mstari wake. Mpiga fidla hawezi kuweka shuka lote hilo mbele yake. Anataka karatasi yake tu. Mimi ndiye ninayemchorea yake, na ya jirani yake, na ya mpiga ngoma, mpaka wote wamepata. Kwenye sinema hufanywa kwa haraka mno. Nimewahi kupeleka karatasi studioni zikiwa bado mbichi, mpiga tarumbeta akaniuliza, "Bi Huguette, nipulize tarumbeta kwanza au nipulize wino?"

Kwa miaka ishirini na sita nilimnakilia mtu mmoja zaidi ya wote, Bwana Anselme Morvillier. Alitunga muziki wa filamu mia mbili na kumi na moja. Filamu za majambazi, za mapadre, za wake waliokimbia waume zao, za farasi. Mwaka mmoja alifanya kumi na tisa. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akaketi jikoni kwake mtaa wa Batignolles na bakuli la kahawa ya chikori, ile ya mizizi, saa ya kupimia mbio mkono wa kushoto, penseli mkono wa kulia. Mwongozaji akimwambia, "Mwanamke anavuka daraja kwa sekunde arobaini na moja, anageuka kwenye ya ishirini na saba," basi muziki nao uligeuka kwenye ya ishirini na saba. Hakuwahi kuchelewesha kazi hata siku moja. Nilikuwa nafika mlangoni kwake saa moja asubuhi, ghorofa ya nne, hakuna lifti, napokea karatasi, nashuka.

Na hakuna aliyemjua. Enzi hizo majina yalikuja mwanzoni mwa filamu, na jina lake lilipita watu wakivua makoti na kuwakanyaga majirani miguu. Baadaye majina yakahamishiwa mwisho, likawa linapita watu wakivaa makoti. Alikuwa akilisema hilo kwa kucheka. Mimi sikucheka, maana nilijua alivyokuwa akifanya kazi.

Tulikuwa na utaratibu wetu, ambao wanakili wote wanao kwa namna moja au nyingine. Mtunzi mwenye haraka hukosea. Anasahau alama, au anampa mpiga klarineti noti ambayo klarineti haina. Huwezi kumpigia simu kila mara. Unasahihisha mwenyewe, kisha unaweka nukta ndogo nyekundu pembeni mwa karatasi yake kubwa, ili akiiona ajue hapo umegusa. Miaka ishirini na sita Bwana Morvillier aliziona nukta zangu na hakuwahi kubisha hata moja. Mara nyingine alisema tu, "Ahsante kwa zile tatu," basi.

Sasa turudi mwaka 1949, mwezi wa pili. Ndiyo kazi yangu ya kwanza kwake. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na sijazaa bado. Filamu ilihusu nahodha wa jahazi la mizigo kwenye mto Seine. Niliambiwa mtunzi amezika binti yake wiki iliyopita, mtoto wa miaka sita, Lucette, homa ya uti wa mgongo, siku tatu tu. Nilisema pole mlangoni. Akasema, "Karatasi ziko mezani, Bibi," nikazichukua. Mambo hayo nilikuwa siyaelewi. Mtoto wa mtu mwingine alikuwa kwangu habari ya kusikitisha, kama habari za gazetini.

Katika muziki ule mlikuwa na wimbo mmoja wa fidla kubwa, ile inayopigwa mpigaji ameibana kwa magoti. Mwanzo wake ulikuwa wa kawaida. Ungeweza kuwa wa mtunzi yeyote. Unashuka kidogo kidogo, unarukaruka, unashuka tena. Ila mwisho wake ulikuwa wa ajabu. Sikio lote linangoja urudi nyumbani kwenye do, na wenyewe unasimama kwenye re, noti moja kabla ya kufika, unakaa hapo, kimya. Fa, mi, fa, re. Basi.

Mpiga fidla kubwa alikuwa kijana mwenye masharubu, Gaspard Thouvenel. Alipofika mwisho akainua karatasi yake juu, akaigeuza. "Jamani, hii yangu imeliwa na panya? Noti ya mwisho iko wapi?" Okestra ikaangua kicheko. Nami nikadhani nimeiruka. Bwana Morvillier akasema kutoka mbele, bila kuinua sauti, "Iko sawasawa. Piga kilichoandikwa." Wakapiga.

Wimbo ule haukusikika kamwe. Mtayarishaji alisema unaliza, watu wanakuja sinema kupumzika. Akaamuru uwekwe wimbo wa kodiani badala yake. Karatasi zikarudi kwa Bwana Morvillier ndani ya bahasha. Siku ya pili alikuwa na filamu nyingine.

Nilizaa mwaka uliofuata. Régine wangu alilala chini ya meza yangu ya kazi ndani ya kikapu cha nguo, na alijifunza kutambaa juu ya karatasi zilizoharibika. Miaka ikaenda. Mke wa Bwana Morvillier akafariki, yeye akabaki peke yake na jiko lake na saa yake. Mwaka 1973 akaanza kusahau. Kwanza vitu vidogo, funguo, kofia. Kisha akawapa waongozaji wawili dansi moja ya waltz, noti kwa noti, ndani ya miezi mitatu. Filamu zote mbili zikatoka msimu mmoja. Gazeti moja likaandika kwamba kwa Morvillier supu ya jana hupashwa moto ikaitwa chakula kipya. Simu zikapungua. Mtu aliyekuwa akikataa kazi akawa anakaa dirishani.

Kisha, mwaka 1975, akaja kijana mmoja, Didier Lhomond, miaka ishirini na tisa, nywele mpaka mabegani, filamu yake ya kwanza. Tangu utotoni alikuwa akiangalia filamu za zamani kwenye sinema ya mtaani kwao na, tofauti na watu wote, alisoma majina. Alimtaka Morvillier na si mwingine. Mtayarishaji wake akakubali kwa sharti moja, nami nilikuwepo alipolitamka: "Mzee akitupa kitu kilichotumika, namtoa siku hiyo hiyo, na kila mtu mjini atajua sababu."

Kwa hiyo sharti lilikuwa wazi kwangu. Hii ingekuwa kazi ya mwisho ya mzee, au ingekuwa aibu yake ya mwisho.

Alinipa karatasi kwa sehemu, kama zamani, kila sehemu ya filamu na muziki wake. Moja hadi nne zilikuwa nzuri, mpya, safi. Asubuhi ya kikao cha kurekodi akanipa ya tano na ya sita pamoja. Nilikaa mezani saa mbili asubuhi, nikachovya kalamu, nikaanza kunakili ya tano. Nikafika mstari wa fidla kubwa. Mkono ukasimama.

Ulikuwa ule wimbo. Wa nahodha wa jahazi. Fa, mi, fa, re.

Sikuwa na nafasi ya kufikiri sana, lakini niliyoyafikiri nayakumbuka. Nilifikiri: amesahau. Maskini, amesahau kwamba aliwahi kuuandika. Umemjia kichwani akadhani ni mgeni. Nikafikiri: Thouvenel bado yuko kwenye okestra, na mpiga zumari mmoja wa enzi zile. Mwanzo hawataujua, ila ule mwisho uliowachekesha hawawezi kuusahau. Mmoja akisema, "Mzee, si hii ile ya mwaka 49?" mbele ya mtayarishaji, mambo yamekwisha. Simu ya kumpigia ilikuwepo. Ningemwambia nini? Bwana, akili yako imekwisha?

Nikaurudisha nyumbani. Mahali pa fa, mi, fa, re nikaandika mi, re, si, do. Nikabadilisha na sauti za chini zilizobeba noti hizo, mara tatu, kwa wapigaji thelathini na wawili; hapo ndipo stashahada ya Lille ilinifaa hatimaye. Kwenye karatasi yake kubwa sikugusa kitu, na sikuweka nukta nyekundu. Nilijiambia macho yake yamechoka na masikio pia, kwamba hata akisikia atadhani ndivyo alivyoandika.

Wakati huo nilikuwa nimekuwa mama kwa miaka ishirini na mitano. Nilizoea kurekebisha mambo ya watu bila kuwauliza.

Kikao kilianza saa nane mchana. Kwetu kikao huchukua muda wa saa tatu kamili. Ikigonga kumi na moja wapigaji wanafunga vyombo hata kama mwanamke kwenye pazia ameachwa katikati ya kubusiwa. Picha inaonyeshwa ukutani, taa nyekundu inawaka, kiongozi anawapungia wapigaji mikono huku akiangalia picha na saa. Bwana Morvillier aliongoza mwenyewe, sweta la kijivu, kiti kirefu nyuma yake ambacho hakukikalia.

Walipofika ya tano ilikuwa saa kumi na dakika arobaini. Pichani mwanamke anatembea kwenye jukwaa la stesheni baada ya treni kuondoka. Hasemi kitu. Thouvenel, masharubu yake sasa meupe, akaanza. Nilikuwa nimeketi nyuma kwenye benchi la ukutani, mikono mapajani.

Mara ya mwisho wimbo uliposhuka, Bwana Morvillier akainua mkono wake wa kushoto na kuushikilia hewani, kama mtu anayesema ngoja. Okestra haikungoja. Ikashuka kwenye do, taratibu, wote pamoja, ikatua. Mkono wake ukabaki juu.

Taa nyekundu ikazimika. Akatazama karatasi kubwa mbele yake. Akawatazama wapigaji. Kisha akageuka polepole mpaka akaniona mimi.

Kabla hajafungua mdomo mlango wa chumba cha mitambo ukagonga ukuta na Lhomond akaingia mbio, analia waziwazi. "Hiyo hiyo! Msiiguse! Bwana Morvillier, sijui nisemeje. Ule mwisho! Anavyofika! Miaka miwili ninaisikia kichwani nisijue ni nini, na wewe umeiandika." Akamshika mzee mikono yote miwili. Mtayarishaji nyuma yake alikuwa anapiga makofi. Saa ya ukutani ilionyesha kumi na dakika arobaini na nane, na ya sita ilikuwa haijarekodiwa.

Mtunzi yeyote angesema: karatasi zina kosa. Ni maneno matatu tu. Nilingoja ayaseme.

"Mabwana," alisema, "tuendelee na ya sita."

Walipokuwa wanafunga vyombo Thouvenel alinijia, fidla yake mgongoni kama mtu aliyebeba jeneza la mtoto. "Bi Huguette. Ile ya tano. Naifahamu."

"Unaifahamu kutoka wapi?"

"Usinifanye mtoto. Panya walikula karatasi yangu. Leo naona panya wameirudisha."

"Ulitaka mzee aumbuke?" nikamjibu kwa ukali. "Yule mtayarishaji angemtoa leo leo."

"Na nani angemwambia? Mimi?" Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Sisi tumezeeka naye, Bi Huguette. Ningepiga na kunyamaza. Ningefurahi kuipiga."

Nilimsindikiza mzee nyumbani, nimembebea mkoba. Pale chini ya jengo lake, mlangoni, akasimama mbele ya ngazi, hakupanda.

"Unakumbuka Lucette?" akauliza.

"Sikuwahi kumwona, Bwana."

"Kweli. Hukuwahi." Akavua kofia. "Alikuwa anashuka ngazi hizi kwa kuruka. Vipandio viwili, kimoja, viwili, kimoja. Ghorofa zote nne, majirani wanalalamika. Akifika hapa," akagusa kipandio cha mwisho kwa ncha ya kiatu, "anasimama. Hakanyagi chini. Ananingoja mimi nimshushe. Hata nikiwa na mizigo. Hata nikiwa nimechelewa. 'Baba, bado niko juu.' Siku ile ya mwisho alishuka akiwa na homa tukimpeleka hospitali. Aliruka vilevile. Akasimama vilevile."

Niliweka mkoba wake chini.

"Nilidhani umesahau," nikasema. "Nilidhani umeuandika tena bila kujua."

"Ninasahau mambo mengi. Jana nimesahau jina la mke wangu kwa saa nzima." Hakuwa na hasira, ningependa angekuwa nayo. "Huu niliuweka miaka ishirini na sita nikitafuta picha inayoufaa. Filamu mia mbili, Bibi, na zote zilikuwa na haraka. Yule kijana aliponionyesha yule mwanamke wa stesheni nikasema, basi, ni huyu. Utasikika mara moja, kisha nife."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona hakuna haja. Mtu pekee duniani ambaye angeutambua ni wewe. Nilikuwa na furaha kwamba utautambua." Akavaa kofia tena. "Na ukautambua."

Nikamwambia nitanakili upya usiku huo huo, nitaomba kikao kingine, nitasema kosa ni langu. Akatikisa kichwa. "Kijana analia kwa furaha. Umemwona? Nimwambie kwamba anacholilia si changu?" Akaanza kupanda, mkono kwenye kizuizi cha mbao, kipandio kimoja kimoja.

Mimi si mtu wa kukata tamaa. Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Lhomond kwenye chumba cha kuhariri, na karatasi sahihi chini ya kwapa. Nilimweleza kila kitu: noti nne, nani alizibadilisha, kwa nini. Habari za mtoto sikumwambia. Hazikuwa zangu za kutoa. Alisikiliza vizuri. Akaniomba nizipige kwenye kipiano kilichokuwa pale pembeni. Nikazipiga. Fa, mi, fa, re.

Kisha akasema, "Bibi, kwa heshima zote. Hivyo ananing'inia tu. Mwanamke wangu anahitaji kufika mahali."

"Hafiki. Ndiyo maana yake."

"Basi ni filamu nyingine hiyo, si yangu." Akaniwekea mkono begani, kijana aliyeweza kuwa mwanangu. "Na mzee alikubali. Alisikia, akasema tuendelee. Kama angetaka angesimamisha. Usijitese."

Niliondoka. Ningeweza kumwambia habari za Lucette pale mlangoni, na nadhani angekubali, maana hakuwa mtu mbaya. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko zile noti zenyewe. Ila nilijiambia siri ni ya mzee, nikashuka kwenda zangu.

Filamu ilitoka mwezi wa tisa. Watu walitoka ukumbini wakiimba kwa midomo iliyofungwa. Redio ikauchukua wimbo wa stesheni, kisha wapiga kodiani wa mitaani, kisha matangazo ya sabuni. Baada ya filamu mia mbili na kumi, Anselme Morvillier akajulikana. Walimwita kwenye televisheni. Alikwenda na sweta lake la kijivu. Mwandishi akamuuliza alipataje ule mwisho mzuri kiasi kile. Akasema, "Nilisaidiwa." Wakacheka, wakadhani anamaanisha Mungu.

Asubuhi moja nilikuwa naye kwenye duka la mikate. Mwokaji alikuwa anapiga mluzi huku akifunga mkate. Mi, re, si, do. Nilimtazama mzee. Alipokea mkate wake, akasema ahsante, akanifungulia mlango nipite kwanza.

Régine, ambaye sasa ni mama yeye mwenyewe na ana ulimi wangu, aliwahi kuniambia: "Mama, umempa mtu jina uzeeni mwake. Kuna ubaya gani?" Nikamjibu, "Nikuchukulie mtoto wako, nikuletee mwingine mzuri zaidi, kila mtu ampende. Kuna ubaya gani?"

Miaka miwili baadaye hakuweza tena kupanda ngazi, na mpwa wake Fabien akamtafutia nyumba ya wazee huko Vincennes, ghorofa ya chini, bustani ndogo. Nilikwenda kila Alhamisi. Kwanza aliniita Bibi Pélissard, kwa jina langu la ukoo, kisha Bibi, kisha hakuniita kitu ila alinisogezea kiti. Alikuwa mtulivu. Vidole vyake viliandika juu ya blanketi.

Alhamisi moja ya mwezi wa kwanza nilimkuta anaimba peke yake, sauti nyembamba kama uzi. Nilijua tangu noti ya pili ni upi. Ukashuka, ukaruka, ukashuka. Mi, re, si, do.

Nikafikiri sikusikia vizuri. Akarudia. Mi, re, si, do.

Nikasogeza kiti, nikamshika mkono, nikamwimbia polepole wa kwake, mpaka mwisho, mpaka kwenye re, nikanyamaza hapo. Alinisikiliza kwa adabu, kichwa upande mmoja, kama alivyokuwa akimsikiliza mpigaji mgeni.

"Hapana, Bibi," akasema kwa upole. "Unaishia hivi." Akanionyesha. Mi, re, si, do. "Umeona? Umeacha noti."

"Ni kweli, Bwana," nikasema. "Nimeacha noti."

Nilikwenda kusimama bustanini. Kulikuwa na theluji chafu na benchi. Nilikaa hapo mpaka muuguzi akaja kuniuliza kama nimepotea.

Alifariki mwezi wa tatu. Redio ilipiga wimbo wa stesheni siku nzima, na kanisani wapigaji wakaupiga pia. Thouvenel hakuwepo, alikuwa amemtangulia kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo kanisa zima lilikuwa na mtu mmoja tu aliyejua yote, na mtu huyo alikuwa na kitambaa mdomoni.

Fabien alinipigia simu wiki iliyofuata. Ni mtu mwema, muuza miwani, hajui muziki. Alitaka jiwe la kaburi la Batignolles liwe na mistari mitano na noti za wimbo ule mashuhuri. Fundi wa mawe aliomba mchoro safi. "Nani mwingine wa kuchora kama si wewe, Bi Huguette?"

Nikachukua kalamu ile ile ya nibu. Ilinichukua asubuhi nzima, kazi ya dakika tano. Nilipompelekea, alikuwa na binti yake anayejifunza piano, naye binti akaiweka kwenye kinanda akapiga.

"Baba, hii siyo," yule binti akasema. "Mwisho umekosewa."

Fabien akanitazama kwa aibu. "Samahani, Bi Huguette. Kwenye redio si hivi."

"Najua. Ya redio niliiandika mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Noti nne. Hii ndiyo aliyoandika yeye." Nikawaeleza habari za Lucette, zote, ngazi na kipandio na homa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuzitamka. Fabien alikuwa na miaka tisa binamu yake alipofariki. Alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Nilikuwa namcheka," akasema. "Nilimwambia ni mwoga, haruki cha mwisho." Kisha akakunja karatasi ndani ya bahasha na kumpelekea fundi.

Jiwe liko pale. Fa, mi, fa, re, kisha jiwe tupu. Siku ya Watakatifu Wote, mwezi wa kumi na moja, watu wa Paris wanapokwenda makaburini na vyungu vya maua ya krisanthemo, wapenzi wa sinema wanapita kwake pia, wengine kutoka mbali. Wanasimama, wanaimba kimoyomoyo, wanafika mwisho, wanakunja uso. Wanaona fundi alisahau. Na kila mwaka, bila kukosa, mmoja wao anatoa kalamu ya rangi na kuongeza ile do kwa wema kabisa.

Kwa hiyo mimi huenda siku inayofuata, watu wakishaondoka, na ndoo ndogo, brashi na sabuni ya kufulia. Rangi ya kalamu hizi za siku hizi ni ngumu, inataka kusuguliwa. Magoti yananiuma. Nasugua mpaka re inabaki peke yake, namimina maji, nafuta kwa kitambaa, naweka chungu changu cha maua upande wa kulia ili kisizibe. Halafu narudi nyumbani kabla kiza hakijaingia, na mwaka ujao nitakuta wameiongeza tena.